Kivuli cha Zuzu

Ndugu msomaji, ukitaka kulijua jua la Dodoma, usije mwezi wa Juni, wakati baridi ya asubuhi inapomlazimisha mgeni kutafuta sweta. Njoo Novemba. Wakati huo mvua bado haijashuka, mashamba yamekwisha safishwa, na ardhi nyekundu imekauka hata inatoa mlio chini ya kiatu. Mibuyu imesimama mitupu au ndiyo kwanza inachipua. Ifikapo saa nane mchana hewa hupita nyuzi 30 za joto kivulini, na upepo usiochoka wa nyanda hizi, badala ya kupoza, humrushia mtu vumbi machoni.

Mwandishi wenu alifika Dodoma kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha makao makuu ya nchi kwa muda wa saa nne hivi. Zamani safari hiyo ilikula usiku mzima. Walakini safari yangu haikuishia mjini. Sikuja kuitazama Mtumba na majengo yake ya wizara, wala mashamba ya zabibu. Nilikuja kuonana na watu watatu walioahidi kuzungumza nami juu ya maisha yao, nao walichagua mahali pa mazungumzo wenyewe: Zuzu.

Msomaji asicheke. Zuzu ni jina la mahali, magharibi ya mji, kituo cha kwanza baada ya Dodoma katika reli ya zamani kwa msafiri aelekeaye Tabora. Lakini sote twajua kwamba katika lugha yetu neno hilo lina maana nyingine. Zuzu ni mtu aliyeduwaa, asiyejua la kufanya mbele za watu. Wote watatu niliokwenda kuwaona wamewahi kuitwa hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyestahili.

Watu hawa wana usonji. Majina yao nayaweka kando, kama walivyoniomba.

Chini ya mwembe

Mwenyeji wetu ni mwanamume wa miaka arobaini na ushei. Anaishi na mama yake katika nyumba ya tembe, ile nyumba ya asili ya Wagogo yenye kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Mgeni wa kwanza aliyenitangulia ni mwanamke wa miaka thelathini na mitano, karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Wa pili ni kijana wa miaka ishirini na sita, kibarua wa shamba la mizabibu, aliyeletwa na kaka yake. Kijana huyu hazungumzi kwa kinywa. Huandika maneno yake kwenye simu na kumwonyesha mtu. Aliyewakutanisha ni muuguzi mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizijua familia za namna hii na kuzitembelea.

Nilipoingia uani nilimwamkia mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama," akaitikia, kisha akanifundisha kusema "mbukwenyi" kwa wote waliokuwapo. Mwanawe hakunitazama usoni. Aliitazama saa yangu ya mkononi, akasema, "Umechelewa dakika kumi na mbili." Ilikuwa kweli. Nikaomba radhi, naye akanipisha penye kivuli kizito zaidi.

Usonji ni nini? Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ambamo ubongo hukua na kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi. Mwenye hali hiyo aghalabu huona taabu kuzisoma ishara zisizotamkwa za nyuso na sauti, hupenda utaratibu usiobadilika, na huweza kuzama katika jambo moja kwa mapenzi makubwa. Sauti, mwanga, harufu, nguo mwilini au ladha ya chakula huweza kumwumiza kupita kiasi, au pengine asivihisi kabisa. Wapo wasiosema kamwe, na wapo wasemao kama kitabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Si kichaa, si laana, wala hauambukizwi. Urithi wa damu una sehemu kubwa ndani yake.

Neno "usonji" limezoeleka katika magazeti yetu miaka ya karibuni tu. Lakini watu wenyewe walikuwapo siku zote. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, akieleza kwamba aliwakuta watoto wa namna hii katika vituo alivyovitembelea. Mwaka huo mwenyeji wetu alikuwa hajazaliwa bado.

Utoto

Niliwauliza wanakumbuka nini cha utotoni. Mwanamke ndiye aliyeanza.

"Nakumbuka mlenda," alisema. "Nyumbani kwetu ugali wa uwele na mlenda ndicho chakula cha kila siku. Mimi ule utelezi ukigusa ulimi, koo linafunga. Nilikuwa nakula ugali mkavu kwa chumvi. Shangazi akasema mtoto huyu ana maringo, anadharau chakula cha kwao. Sikuwa na maringo. Nilikuwa na njaa."

Shuleni aliadhibiwa kwa kutomtazama mwalimu machoni. Nyumbani, kinyume chake, mtoto wa kike aliyemkodolea mkubwa macho angeonekana hana adabu. "Nikashindwa kuelewa kanuni," alisema. "Nikatafuta kanuni nyingine. Nikawa natazama paji la uso. Mpaka leo natazama paji la uso." Nikatambua kwamba tangu tulipoketi alikuwa akilitazama langu.

Kijana aliandika kwa muda mrefu, akanipa simu. Alikuwa ameandika: "Nilisikia kila kitu. Walidhani sisikii. Walisema mbele yangu kwamba ningepelekwa Mirembe."

Hospitali ya Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, nayo imewahudumia wagonjwa wengi. Sisi raia ndio tuliolifanya jina lake kuwa kitisho cha kuwanyamazishia watoto. Kijana huyu alibeba kitisho hicho kwa miaka, asiweze hata kuuliza kama kilikuwa kweli.

Ilipofika zamu ya mwenyeji wetu, mama yake alimtangulia. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, akipeta uwele, naye aliuweka ungo chini.

"Mwandishi, mimi niliseme lile ambalo yeye hatalisema. Nilimfunga. Baba yake alikuwa amefariki, shamba lilikuwa langu peke yangu, na huyu alikuwa akiachwa kidogo anaifuata reli. Anatembea katikati ya vyuma, akihesabu mataruma. Basi majira ya palizi nilikuwa namfunga kamba ya mkonge kwenye nguzo ya katikati, humo ndani, mpaka nirudi. Watu walisema nimerogwa, wengine walisema nimemroga mwenyewe. Ningefanyaje, mwanangu?"

Hakuna aliyejibu upesi. Mwanawe alikuwa akizipanga punje za uwele zilizomwagika, moja moja, katika mstari.

"Nguzo ilikuwa ya baridi," alisema. "Nilikuwa naweka shavu. Treni ya mizigo ilipita, nikahesabu mabehewa kwa masikio."

Akanyamaza, kisha akaongeza, "Kamba ilikuwa mbaya."

Mama yake aliinamisha kichwa. Ndugu msomaji, usimhukumu mama huyu upesi. Alikuwa na mtoto aliyependa reli, treni zilizokuwa zikipita, na shamba ambalo lisingepaliliwa wasingekula. Jambo la kujiuliza ni hili: majirani waliopita njiani wakienda mashambani mwao walikuwa wangapi, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema, "Leo mwache kwangu"?

Reli, mvua na mizabibu

Mazungumzo yalibadilika nilipouliza kila mmoja anapenda nini. Waliokuwa wazito wa kusema wakawa wepesi.

Mwenyeji wetu alinitajia vituo vya reli ya zamani bila kuvuta pumzi: Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, Dodoma, Zuzu, Kigwe, Bahi, Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni. Akanionya kwamba Makutupora hiyo siyo Makutupora ya kaskazini ya mji, kwenye visima vinavyounywesha mji wa Dodoma. "Watu wanachanganya," alisema kwa masikitiko ya kweli. Anajua kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kwamba iliifikia Kigoma mwaka 1914. Hakuvuka darasa la tatu.

Mwanamke anapenda mvua. Ana madaftari ambamo ameandika, tangu alipokuwa msichana, kila siku iliyonyesha, ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi. Katika mkoa ambao kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, na yote huja kati ya Novemba na Aprili, hayo si madaftari ya mchezo. Majirani zake wenye mashamba wameanza kumwendea kumwuliza mwaka fulani mvua ilikatika lini. Zamani walimcheka kwa kazi hiyo hiyo.

Kijana anapenda mizabibu. Zabibu, zilizoanzishwa huku na wamisionari wa Kikatoliki, huvunwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila mavuno hapana budi mzabibu upogolewe. Kupogolea kunataka jicho na subira, kwani mkataji hana budi kuhesabu macho ya tawi kabla hajakata. Kaka yake alisema kwamba mwenye shamba hampi mtu mwingine mistari ya mwanzo. Kijana aliandika: "Mzabibu hausemi. Unaonyesha."

Joto

Jua lilipokuwa kali kabisa tulisogea kufuata kivuli, nami nikawauliza wanaishi vipi na joto hili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walitaka tuonane Zuzu, na kwa nini Novemba.

Kwa mwanamke, taabu si joto peke yake, bali yote yanayoandamana nalo: jasho linalonatisha nguo mwilini, mwanga unaoakisiwa na mabati ya mji, harufu za watu katika daladala, na pangaboi la ofisini linalogonga. Ameyatafutia kila moja dawa yake. Huenda kazini kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, kabla mji haujachemka. Magauni yake yote ni ya pamba, mshono mmoja, na lebo za shingoni amezikata. Hubeba kanga yenye maji katika mfuko, akaiweka mabegani anapoona kichwa kinaanza kuvuma. Aliomba ahamishiwe meza karibu na dirisha la kaskazini, mbali na pangaboi. Wenzake walisema anajidai. Akavumilia miaka miwili ndipo akakubaliwa.

Mwenyeji wetu ana taabu iliyo kinyume, nayo ni ya hatari zaidi. Yeye hahisi kiu. Mara mbili alianguka juani akiwa hajanywa maji tangu asubuhi. Mama yake aligundua njia: akamfundisha kunywa kikombe kimoja kila treni inapopita. Treni za reli ya zamani zilipopungua, wakaihamishia kanuni hiyo kwenye redio. Kila taarifa ya habari, kikombe kimoja kutoka mtungini. Tulipokuwa tukizungumza, saa ilifika. Akainuka katikati ya sentensi, akanywa, akarudi, akaimalizia sentensi ile ile.

Ewe mzazi au mlezi usomaye haya, lishike jambo hili. Ikiwa unaye mtu wa namna hii nyumbani, usingoje aombe maji. Mpe kwa saa. Na ikiwa anatumia dawa za akili, mwulize daktari kuhusu joto, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza uwezo wa mwili kujipoza.

Shauri la bati

Sasa nieleze kilichokuwa kimejificha nyuma ya mazungumzo haya. Mdogo wake mwenyeji wetu, ambaye ana kazi mjini, amejinyima miaka minne akanunua matofali na bati. Nia yake ni kuibomoa tembe na kumjengea mama yake nyumba ya kisasa kabla ya mvua. Nani atamlaumu? Tembe huvuja, paa lake lataka udongo mpya kila mwaka, na mama amezeeka. Tangu siku za Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, tembe zimekuwa zikipungua, na kijana mwenye kipato huona haya mama yake akilala chini ya udongo.

Lakini kaka mtu amekataa. Siku matofali yalipoletwa aliondoka, akalala kando ya reli siku mbili. Watu wakasema, ndiyo hayo, zuzu hataki maendeleo.

Nilimwuliza yeye mwenyewe sababu. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Bati linasema. Mchana linasema tak, tak, tak. Mvua ikija linapiga kelele, siwezi kufikiri. Tembe inanyamaza."

Mwanamke alimwelewa mara moja. "Ni kweli, mama," alimwambia yule mzee. "Bati likipata jua linatanuka, likipoa linasinyaa, ndiyo hiyo sauti. Wewe huisikii kwa kuwa masikio yako yanaiacha ipite. Yetu hayaiachi. Mimi chumba changu mjini nimekiwekea dari, ndipo nikapata usingizi." Tena akaeleza jambo ambalo mjenzi yeyote analijua: ukuta na paa la udongo mnene hulipokea joto polepole, hata adhuhuri ndani ya tembe kungali na ubaridi wa usiku, ilhali chini ya bati tupu joto humshukia mtu mara jua linapochomoza.

Kijana aliandika maneno machache akamwonyesha mama, ambaye hajui kusoma. Nikamsomea mimi: "Acheni chumba kimoja."

Magharibi mdogo mtu alifika kutoka kazini, shati limemganda mgongoni. Alimwamkia mama yake, akaketi, akaelezwa. Mwanzoni alikasirika. "Miaka minne, mama! Miaka minne nimejinyima, kumbe shida ni sauti?" Mama yake hakumjibu kwa hoja. Alimwambia tu habari ya nguzo. Nafikiri alikuwa hajapata kumwambia. Yule kijana aliinuka, akaingia ndani ya tembe peke yake, akakaa humo kitambo. Alipotoka alisema kwamba nyumba ya bati ataijenga kando, aitie dari, na upande wa tembe wenye nguzo ya katikati hautabomolewa. Udongo wa paa atauongeza yeye Jumamosi.

Kaka yake aliuliza Jumamosi saa ngapi.

Mtu wa Forest

Nikirudi mjini usiku huo nilimkumbuka mtu mmoja wa mbali. Katika jimbo la Mississippi huko Marekani, ambako kiangazi nacho kina joto la kukatisha pumzi, upo mji mdogo uitwao Forest. Alizaliwa huko mwaka 1933 mtoto aitwaye Donald Triplett. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu madaktari waliwashauri wazazi wake wamweke katika taasisi na kumsahau. Wakamweka, lakini baada ya mwaka mmoja hivi wakamrudisha nyumbani. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 makala yake juu ya watoto kumi na mmoja wenye hali hii, Donald ndiye aliyekuwa wa kwanza katika orodha.

Baadaye Donald aliishi kwa muda na familia moja ya wakulima. Alikuwa akipenda mno kuhesabu. Basi wao hawakumkataza, wakamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alihitimu chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu na kuzuru nchi nyingi za dunia. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji wake haukupona, kwa maana si ugonjwa wa kupona. Wazazi wake walikuwa na uwezo wa fedha, hilo tusilifiche. Lakini mji mzima ulimjua na kumzoea, na uzoevu wa majirani haununuliwi kwa fedha.

Tusidhani kwamba ni sisi tu tuliokosea. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowaharibu watoto. Elimu imekwisha kulikanusha jambo hilo. Mama wa Zuzu aliambiwa ameroga. Mama wa huko aliambiwa hana upendo. Mzigo ni ule ule, na wote wawili walibebeshwa bure.

Kivuli

Nchini mwetu ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kila tarehe 2 Aprili dunia huadhimisha siku ya usonji. Hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kukaa na mtoto wa jirani majira ya palizi. Hilo ni letu.

Jua la Dodoma haliponi, ndugu msomaji. Watu wa nyanda hizi hawakungoja lipone. Walipanda mwembe uani, wakajenga ukuta mnene, wakaweka mtungi penye upepo, nao wakaishi. Mtu mwenye usonji naye haombi zaidi ya hayo: meza mbali na pangaboi, maji kwa saa, chakula ambacho koo lake linakikubali, chumba kisichopiga kelele, na mtu wa kumngoja amalize sentensi yake.

Nilipokuwa nikiaga, mama alinisindikiza hadi penye njia. Aliniuliza jambo moja ambalo sikuweza kulijibu: "Mimi nikiondoka, nani atamkumbusha maji?" Nyuma yetu, uani, nilimwona mdogo mtu ameinama karibu na redio, anaulizia taarifa ya habari husomwa saa ngapi na saa ngapi, na kaka yake anamtajia moja baada ya nyingine, bila kukosea.